Kaimati na Sheria ya Tangamano

Mtu akitoka nchi ya Tangamano, watu hawamuulizi aliona nini huko. Humuuliza alirudi na wangapi.

Nchi hiyo ina sheria nyingi kama nchi nyingine, lakini zote ni matawi ya moja: kilicho hai kisikae peke yake. Imechongwa juu ya lango kuu kwa herufi ndefu kumzidi mtu, na Mkejina binti Haji aliisoma akiwa amekumbatia kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na ndani ya chupa alikuwamo Kaimati.

Kaimati alikuwa samaki wa dhahabu, mviringo, amenona, rangi yake kama andazi la kaimati lililotoka kuchovywa kwenye shira ya sukari. Baba yake Mkejina alimfuga mezani kwake, pale alipokuwa akirekebisha saa za watu, na siku zote walionekana wawili hao wakitazamana. Kisha baba akafariki. Mama akahamia kwa dada yake, ng'ambo ya Tangamano, na watoto walipokaa kugawana vitu vya nyumba alituma neno moja tu: "Gawaneni mtakavyo. Mimi nileteeni Kaimati." Tangu mazishi hakuwa ameomba kitu kingine, si chakula, si nguo, si hata kutembelewa. Kwa hiyo Mkejina kila baada ya muda mfupi alifunua kikapu, akatazama, akafunika.

Alikuwa akifunua tena pale langoni alipokutwa na Mkaguzi wa Wenza.

Mkaguzi huyo, Bwana Makungu, alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Nyuma yake alisimama mtu asiye na kazi nyingine ila kusimama nyuma yake.

"Mwenzake yuko wapi?" akauliza Makungu, akiinama juu ya chupa.

"Mwenzake nani, Bwana?"

"Huyu samaki, dada. Mwenzake yuko wapi?"

"Hana. Ni huyu huyu mmoja."

Makungu akamgeukia mtu wa nyuma yake, na yule mtu akatikisa kichwa taratibu. Walimtazama Mkejina kama mtu aliyekiri kumfungia mtoto stoo.

"Tangu lini?"

"Tangu anunuliwe. Lakini alikuwa na baba yangu, Bwana, kutwa nzima wako pamoja..."

"Na baba yako yuko wapi?"

Mkejina akakivuta kikapu karibu na kifua.

"Maskini," akasema Makungu, na haikujulikana anamsikitikia nani. Akachota kwenye ndoo iliyokuwa langoni, akamtoa samaki mweusi mwenye macho ya kutumbuka, akamtumbukiza chupani. Kaimati akaruka pembeni. Maji yakapanda mpaka karibu na mdomo.

"Bwana Mkaguzi, chupa hii ni ya mmoja. Maji hayatawatosha."

"Maji si mwenza," akajibu Makungu kwa upole uleule. Halafu akanyoosha mgongo. "Na wewe umekuja na nani?"

Hivyo ndivyo Mkejina alivyopewa Bi Hidaya.

Bi Hidaya alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichoanza vizuri kikakatika katikati. Alizungumza kwa vipande vifupi, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani asiyetaka yamwagike. Alimshika Mkejina mkono na hakumwachia. "Mimi ndiye mwenzako sasa. Ukila nakula. Ukilala nalala. Usiogope, mwanangu. Mimi sikoromi."

Njiani alimwonyesha mji. Viti vya Tangamano vyote ni vya wawili. Vikombe vina mikono miwili, na chai hunywewa kwa zamu, huku mwenzako akikutazama usimalize. Mtu akienda chooni, mwenzake hukaa nje ya mlango akimwimbia, ili aliye ndani asije akajisahau akadhani yuko peke yake. Mkejina aliona mume na mke waliokosana tangu ujana wao, bado wamekaa kwenye kiti kimoja, kila mmoja ameutazama upande wake wa barabara. "Hao ndio mfano wetu," alisema Bi Hidaya. "Hupelekwa shuleni kuonyeshwa watoto."

Mbele ya nyumba moja kulikuwa na watu wamekaa kimya, na harufu ya udi ilikuwa nzito kupita kiasi. Mkejina akauliza kama kuna msiba.

"Upo. Ila bado hawajazika."

"Wanamsubiri ndugu kutoka mbali?"

"Wanasubiri mwenzake." Bi Hidaya akapunguza sauti. "Makaburi yetu ni ya wawili. Hatuwezi kumlaza mtu peke yake udongoni, tutakuwa wanyama?"

Katika nyumba ya jirani alikaa mzee mwenye kikohozi. Watu wa msibani walikuwa wakimpelekea uji mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeingia alimuuliza hali yake kwa adabu kubwa. Mzee alijibu yu mzima kabisa. Alijibu kwa haraka, huku amejiziba mdomo kwa shuka ili asikohoe.

Mkejina akashusha pumzi.

Mkono wa Bi Hidaya ukamkaza. "Usifanye hivyo tena!"

"Nimefanya nini?"

"Umehema. Hapa anayehema anaita. Anayeita anaongezewa."

Ilikuwa imeshachelewa. Kutoka dirishani mtu alikuwa amesikia, na kabla hawajafika nyumba ya wageni walikuwa na mwanamke wa pili, kijana aitwaye Raya, aliyetumwa kuziba ule upweke uliosikika barabarani. Raya alimshika Mkejina mkono wa upande wa pili. Sasa kikapu kilimning'inia shingoni.

Ndipo Mkejina alipoanza kuwasikiliza watu wa Tangamano wanavyopumua, au tuseme, wanavyojizuia. Walipumua kwa pua tu, pumzi nyembamba kama uzi. Wapagazi walishusha mizigo bila kusema "uuh". Wanawake waliopanda ngazi walifika juu wamebadilika rangi, wakatabasamu. Mtoto alianguka akataka kulia, mama yake akamziba kinywa na kutazama huku na huku. Nchi nzima ilikuwa inaogopa kusikika ikivuta hewa.

Asubuhi Kaimati alikuwa juu ya maji. Mdomo wake ulikuwa nje, unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, na kila ulipofumba ulitoa sauti ndogo kama tone linaloanguka. Yule mweusi naye vilevile. Maji yalikuwa yameingia ukungu.

Mkejina aliijua dalili hiyo tangu utotoni. Baba yake alipoiona aliacha saa ya mtu imefunuliwa mezani, akaenda kubadilisha maji kabla ya kitu kingine chochote. Akachukua chupa na kukimbilia mtungi.

"Wanaita!" Bi Hidaya alipiga makofi. "Raya, njoo usikie, wanaita wenzao!"

"Hawaiti, Bi Hidaya. Wanakosa hewa. Nisaidie kumwaga nusu ya maji haya."

Furaha ikamtoka Bi Hidaya usoni. Alimshika mkono kwa nguvu ambayo Mkejina hakuitarajia. "Maji haya yamewaona wakiwa pamoja. Maji mapya hayawajui! Unataka kuwafanya wageni wao kwa wao?"

"Yamechafuka."

"Yamezoeana."

"Bi Hidaya, nakuomba. Huyu samaki ni wa mama yangu. Hana kingine."

Bi Hidaya alimtazama, na kwa muda mfupi ilionekana kama anataka kusema jambo. Lakini Raya alikuwa ameshafungua dirisha na kuwatangazia watu wa barabarani habari njema. Makungu alifika na ndoo yake. Alitega sikio juu ya chupa, akafumba macho kama anayesikiliza kasida, kisha akaongeza samaki wawili.

"Wataacha," alisema. "Na wasipoacha, nitarudi."

Hawakuacha, na Makungu akarudi, akaongeza tena. Mkejina naye kwa wasiwasi alihema mara kadhaa bila kujijua, na kila mara mlango uligongwa akaingia mwanamke mwingine, mwenye tabasamu, mwenye mkeka wake kwapani. Chumba kikajaa. Walilala wamepangana kama dagaa, na Mkejina aliyelala katikati alijifunza kuvuta hewa kidogokidogo, kwa zamu, pale mwenzake wa kulia anapoitoa. Usiku alihesabu gizani ile sauti ndogo ya mdomo wa Kaimati. Alifikiria uso wa mama akifunua kikapu.

Akashindwa kuvumilia, akasema anataka kwenda kwa wakubwa. Walimjibu kwamba kwanza apelekwe Hodhi Kuu, ili akienda kwa wakubwa awe ameelewa.

Hodhi Kuu iko katikati ya mji, na kila raia hupelekwa pale akiwa mchanga na akiwa na majonzi. Ni birika la mawe, si kubwa sana. Ndani yake mna samaki wengi kiasi kwamba maji hayaonekani, na wote wako juu, midomo nje, wakifumbua na kufumba kwa pamoja. Sauti yake ni kama mvua nyepesi juu ya bati. Watu wanaiita Wimbo. Walisimama pembeni mwa hodhi wameshikana mikono, wengine wakitokwa na machozi, na bwana mmoja aliyevaa kofia ya serikali alimnong'oneza Mkejina kwamba hakuna nchi nyingine duniani ambayo samaki wake wanapendana namna hii.

Mkejina alitazama ile midomo. Kila mmoja ulikuwa unaomba kitu kilekile. Alitaka kupiga kelele, lakini ili upige kelele kwanza unavuta pumzi, na waliomzunguka walikuwa wameshamsogelea.

Waliporudi, mmoja wa samaki chupani alikuwa amegeuka tumbo juu. Hakuwa Kaimati. Lakini Kaimati alikuwa ameinama upande, pezi moja halifanyi kazi, na rangi yake ya shira ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichoanikwa juani.

Mkejina akaingiza mkono amtoe aliyekufa. Wanawake wote wa chumbani wakamzuia kwa pamoja.

"Bado," alisema Raya. "Bado mwenzake hajawa tayari."

Na wote, bila kutaka, wakamtazama Kaimati.

Hapo ndipo Mkejina alipojitoa mikononi mwao, akakumbatia chupa, akaenda Barazani akikimbia, na kundi lake la wenza likimfuata nyuma kama msafara wa harusi.

Baraza la Tangamano lina Mwenyekiti na Mwenyekiti Mwenzake, wanaokaa kiti kimoja na kusema kwa kupokezana, mmoja akianza sentensi na mwingine akimalizia. Mbele yao wamekaa wataalamu wa kambi mbili. Wasikivu wanaamini kwamba samaki anayefumbua mdomo anaita. Wasahaulifu wanaamini kwamba samaki hana kumbukumbu, kwa hiyo hawezi kuita mtu. Wamebishana juu ya hilo tangu baraza lilipojengwa, na lilijengwa kwa ajili ya hilo.

Msemaji wa Wasikivu alitangulia. "Samaki huyu ameongezewa wenza, na bado anaita. Jambo liko wazi. Wenza hao ni wachache."

Msemaji wa Wasahaulifu akainuka na kicheko cha dharau. "Mwenzangu anaota. Samaki husahau kabla hujapepesa jicho. Akigeuka, kila anayemwona ni mgeni. Kwake yeye, kuwa na mmoja au mia ni mamoja."

"Kwa hiyo," alianza Mwenyekiti.

"Tumwongezee au tusimwongezee?" akamalizia mwenzake.

"Mkitaka mwongezeeni," alisema yule Msahaulifu, akiketi. "Hatajua."

Ikaonekana kambi zote mbili zimekubaliana, na Makungu akaanza kusogea na ndoo.

"Subirini!" Mkejina alisukuma chupa mbele, maji machafu yakamwagika mezani. "Waheshimiwa, tazameni maji. Msitazame samaki, tazameni maji! Yameoza. Mmemwekea maiti juu ya kichwa chake. Huyu haiti, anakufa."

Minong'ono ikapita barazani. Mwenyekiti akakunja uso. "Bi mgeni, unataka kutuambia..."

"...kwamba samaki hahitaji mwenzake?"

"Sijasema hivyo."

"Basi anamhitaji."

"Huenda anamhitaji, sijui. Ninachosema ni kwamba kwanza anahitaji..."

"Ndiyo au hapana, Bi mgeni. Anahitaji mwenzake, au hahitaji?"

Wasikivu walimtazama, Wasahaulifu wakamtazama. Hakuna hata mmoja aliyeitazama chupa. Mkejina akaelewa kwamba angeweza kusimama pale akisema maji, maji, mpaka Kaimati akapata mwenzake wa kaburini. Akatafuta neno ambalo watu hawa wangelisikia. Alipolipata aliliona chungu, maana lilikuwa la kweli.

"Anaita," alisema. "Mko sahihi, waheshimiwa. Ila hawa sio anaowaita. Anamwita mama yangu."

Wenyeviti wote wawili wakainama mbele.

"Mama yangu ni mjane. Yuko ng'ambo ya mpaka wenu. Dada yake hushinda kazini, na yeye hukaa chumbani mlango umefungwa. Hazungumzi. Kiti chake ni cha mtu mmoja."

Mtu alisema "Yarabi!" kwa sauti. Mwenyekiti na Mwenyekiti Mwenzake walishikana mikono. Mjane, peke yake, juu ya kiti cha mtu mmoja! Wasikivu walilia, na Wasahaulifu, ambao kwa kawaida hawakubaliani na machozi, walitazama dari. Amri ikatoka papo hapo: msafara uondoke mara moja, samaki wote waende, aliyekufa naye aende, asitenganishwe mtu. Bi Hidaya awasindikize mpaka langoni. Zaidi ya hapo hapana raia wa Tangamano anayekwenda, kwa kuwa huko nje watu hukaa peke yao na ugonjwa huo unaambukiza.

Nje ya lango la pili, lile la kutokea ng'ambo, hatua chache tu, kulikuwa na dimbwi pana la maji ya mvua, lenye majani na mawe. Mkejina hakusubiri lango lifungwe. Alipiga magoti akainamisha chupa, wote wakatoka pamoja na ule uchafu wao. Samaki walitawanyika kila mmoja upande wake. Kaimati akazama kama jiwe.

Mkejina alitazama pale alipozamia. Hapakuwa na kitu. Alifikiria namna atakavyomwambia mama. 

Kisha chini ya jani kitu cha rangi ya shira kikasogea. Kikasimama. Mapezi yote mawili yakafanya kazi, polepole, kama mtu anayekunjua mikono baada ya kubeba mzigo. Mdomo wake ulikuwa chini ya maji, na haukuwa na haraka. Muda ulipita, na yule mweusi wa macho ya kutumbuka akaja kutoka upande wa mbali, akapita karibu yake, akarudi, akakaa. Hakuna aliyemwamuru. Wakaenda pamoja kuonja jiwe.

"Mbona kimya?" Bi Hidaya aliita kutoka ndani ya lango. Alikuwa amekunja kanga yake mkononi kama kitambaa cha jasho. "Mkejina! Siwasikii. Wamekufa?"

"Wanapumua, Bi Hidaya."

"Bila sauti?"

"Bila sauti."

Bi Hidaya alisogea mpaka ukingo wa mpaka, vidole vya miguu juu ya mstari. Akanyoosha shingo, akaona maji, akaona samaki wakiwa chini yake, mbali mbali na bado pamoja. Kifua chake kikaanza kupanda. Kikapanda zaidi ya Mkejina alivyowahi kukiona, mabega yakanyanyuka, mdomo ukafunguka, na pumzi ikamtoka ndefu, kubwa, yenye sauti, pumzi ya miaka mingi.

Nyuma yake, ndani, nyayo zikasikika.

"Nani amehema hapo?" Ilikuwa sauti ya Makungu, ya upole kama kawaida.

Bi Hidaya akafumba mdomo. Alimtazama Mkejina kwa macho yaliyotulia kabisa, kisha akageuka.

"Ni samaki, Bwana Mkaguzi."

"Maskini. Basi waongezewe," alisema Makungu, na ndoo ikasikika ikigonga ukuta wa lango.

Mkejina alichota maji safi kwa chupa, akaitega mbele ya Kaimati. Kaimati akaingia, na yule mweusi akamfuata mkiani. Aliikumbatia akakimbia, na hakugeuka nyuma kuona kama Bi Hidaya bado amesimama.

Mama yake alifungua mlango mwenyewe. Alifunua kikapu, akainama, akatazama muda mrefu. Kaimati akamtazama.

"Na huyu mweusi ni wa nani?"

"Amemfuata tu, mama."

Mama akapitisha kidole kwenye kioo. "Chupa hii imewabana. Nenda uani, kaniletee lile beseni kubwa la kufulia."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizozisema tangu msiba. Mkejina akashusha pumzi, na kabla haijamalizika kutoka alikuwa ameshaugeukia mlango, amekauka, anasubiri kuona nani ataingia na mkeka kwapani.